"Salama Tu, Daktari"

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla mambo hayajaniharibikia. Mume wangu ni fundi cherehani, na tangu augue akili tunahudhuria kliniki kila mwezi, tunawahi asubuhi, tunakaa kwenye benchi mpaka miguu inakufa ganzi, halafu tukiingia daktari anauliza, "Unaendeleaje?" naye anajibu, "Salama tu, daktari," anaandikiwa dawa zile zile, kufumba na kufumbua tuko nje. Lakini si salama, mshauri, dawa zinamtetemesha mikono, kutunga uzi kwenye sindano hawezi, na juzi nimegundua anazitema chooni, sasa halali, anazunguka sebuleni akibishana na mtu nisiyemwona. Safari hii niliapa nitasema, ila nilipoona foleni ile na daktari alivyochoka, mdomo ukawa mzito. Getini nikamwuliza, "Baba Pacha, mbona hukusema?" Akanijibu, "Niseme nini, na kalamu imeshaandika?" Sasa hataki kurudi, na mama mkwe anasema nimwache apumzike. Nifanyeje?

Mke wa fundi

Pole, mwanangu. Kumwona mumeo akibishana na hewa si jambo dogo. Lakini daktari hapigi ramli! Ukimwambia salama, ataandika salama. Muda wake ni mfupi, kweli, nanyi mmeumalizia kwenye salamu.

Usingoje mwezi ujao, nendeni kesho. Akigoma, nenda peke yako. Kabla ya kukaa kwenye benchi mwone nesi, mwambie, "Mgonjwa wangu ameacha dawa na halali." Huyo si wa kupangwa na waliokuja kuchukua dawa tu. Ukiingia, tanguliza lililo zito: ameacha dawa, halali, anaongea na asiyeonekana. Habari za mikono, mkiwa pamoja, mwachie mwenyewe aseme, ndiyo inayomlisha; ukiwa peke yako, sema wewe. Dawa ikimtesa mtu, daktari anaweza kuipunguza au kuibadilisha. Kuitema si tiba. Akishatulia, mwulizeni nesi kama mumeo anaweza kuchukua dawa kwake huyo nesi, amwone daktari panapokuwa na neno tu. Mtapumua ninyi, na daktari atapata nafasi ya kumsikiliza anayeumwa siku hiyo.

Mama mkwe mjibu kwa heshima: "Mama, kupumzika ni kulala, na mwanao halali."

Na akitamka kwamba anataka kujidhuru, usikae kubadili nguo wala kuita kikao cha ukoo. Mshike mkono, nendeni hospitali hivyo hivyo mlivyo.