Kopo la Mlangoni

Debre Birhan

Kaka Kassahun,

Huku baridi imezidi na shayiri haikustawi. Shuka lako nimeshalifuma, nasubiri mtu wa kumpa alilete.

Ndugu yetu Getu ametoka hospitali. Mikono haitetemeki tena, ila daktari alinionya: ubongo uliolowa pombe miaka tisa hauponi kwa wiki sita. Kumbukumbu itarudi polepole, na tone moja tu litamrudisha alikotoka. Basi nikamwaga pombe yangu yote ya tala niliyokuwa nauza, nikang'oa na ule mti wa mlangoni wenye kopo lililopinduliwa, alama ya nyumba ya tala, wateja wasije.

Juzi, sikukuu ya Mikaeli, alikwenda kanisani peke yake, akachelewa kurudi. Nikamkuta kwa jirani yetu Wubit, naye muuza tala, amekaa katikati ya walevi, bilauri ya tala imejaa mbele yake.

"Getu! Umefuata nini humu?"

"Mbona unanifokea nyumbani kwetu, dada? Nimeona kopo mlangoni, nikaingia. Huyu mama ananisukumia tala, namwambia nimeacha, ananicheka tu. Mfukuze."

Kaka, nililia mbele ya walevi wale. Alama pekee ya nyumba yetu iliyombakia kichwani niliing'oa kwa mkono wangu.

Kopo nimelirudisha. Tangu asubuhi wanagonga wenye kiu, nawafukuza kwa matusi. Getu naye ametoka, kakataa katakata kusindikizwa.

Sasa hivi kuna anayegonga. Naweka kalamu nikamfungulie, awe mlevi au awe Getu.

Dada yako,
Zenebech