Majivu Niliyoyafagia

Mpendwa Milembe, mama wa Kabula wangu,

Mwangaluka. Nakusalimu kwa salamu ya asubuhi kwa sababu asubuhi ndiyo ilikuwa saa yako. Kabla jua halijapanda ulikuwa umeshachota maji na kufagia uwanja, na Jumapili ulitembea hadi kanisani na kurudi bila kushikwa mkono. Ikifika saa sita, katikati ya mistari ya pamba, unakaa chini juu ya mpini wa jembe na kusema, "Miguu imegoma, Mwalimu." Jioni, jua likishapoa, unasimama tena na kusonga ugali.

Ni hapo nilipoanza kukushuku.

Mama yangu ndiye aliyelitoa neno hadharani, siku ya palizi, mbele ya wajomba zangu. "Mkeo ana miguu ya kanisani na miguu ya shambani." Walicheka wote. Wewe nawe ulicheka, ukamjibu, "Basi mayu, nilimieni pamba humo humo kanisani, mtaniona." Mimi sikucheka. Nilikuwa mwalimu wa baiolojia pale sekondari, na niliamini kwamba ugonjwa una njia yake: unaanza, unazidi, kisha unapona au unaua. Ugonjwa unaokuja na jua na kuondoka na jua sikuwa nimeusoma popote. Kwa hiyo niliwaambia wajomba, kwa sauti ya darasani, kwamba mke wangu haumwi. Anakwepa jembe.

Kisha likaja jicho. Ulinionyesha kitenge chako chekundu ukasema kwa jicho la kulia ni chekundu, kwa la kushoto kimepauka kama kimefuliwa miaka kumi. Nilikuziba jicho la kulia kwa daftari, nikakupitishia chaki za rangi moja moja kama mtihani. Ulishindwa. Baada ya wiki kadhaa nikakupima tena, ukazitaja zote sawasawa. Ulifurahi mno siku hiyo. Mimi nilirudisha chaki kwenye kasha nikisema moyoni: nimemkamata.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hadi leo sikuwa nimemwambia mtu.

Unaikumbuka nyumba yetu ya walimu, ile yenye sakafu ya saruji nyeusi. Asubuhi moja, miguu ikiwa imekugomea tangu alfajiri, nilichota majivu jikoni, nikayachekecha kwa chujio la chai, nikayatandaza toka kitandani hadi mlangoni na hadi kwenye mtungi wa maji. Nilikuambia ni kwa ajili ya siafu. Ukayatazama, ukanitazama mimi.

"Siafu gani hao wanaofuata njia ya mtu, Mwalimu?"

"Wewe lala tu," nikasema. "Nitayafagia mwenyewe nikirudi."

Nilijua utabaki peke yako. Nilitaka kuona nyayo za mwanamke anayetembea vizuri pale ambapo hakuna wa kumdanganya. Saa nne, wakati wa mapumziko, nilirudi mbio nikiwa na vumbi la chaki mikononi. Ulikuwa nje kivulini, unakata viazi vya michembe, vya kuanikwa juani, Kabula amekuegemea mgongoni. Niliingia ndani peke yangu.

Mguu wa kulia ulikuwa umeacha alama nzima, kisigino na vidole vyote vitano. Wa kushoto haukuwa na alama ya mguu. Ulikuwa mstari. Mstari mrefu uliopinda, toka kitandani hadi kwenye mtungi, na karibu na mtungi palikuwa na sehemu pana iliyovurugika, mahali ulipoanguka na kujikokota kuinuka. Hapakuwa na mtu wa kumwigizia. Ulikuwa unaumwa, Milembe, na ushahidi niliutega mimi mwenyewe.

Nilichukua ufagio nikafagia. Najua uliusikia ufagio, maana kisu chako kilinyamaza.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilinyamaza ili kulinda watu. Ningesema unaumwa kweli, wajomba wangeuliza nani kakuroga, na tayari walikuwa wanamtazama vibaya yule bibi jirani yetu mwenye macho mekundu ya moshi. Hatari hiyo ilikuwepo kweli. Lakini siku hizi najishuku mwenyewe kuliko nilivyokushuku wewe, na nikijihoji jibu linakuwa moja tu: nilikuwa nimeshatamka mbele ya watu kwamba huumwi, na sikutaka mwalimu aonekane amekosea.

Pamba ilipokwisha kuvunwa nikakurudisha kwenu Nkololo, nikisema unakwenda kupumzika. Kaka yako alikupakia nyuma ya baiskeli, ukamshika kiunoni. Kabla hajakanyaga pedali ulisema, taratibu, kama mtu anayeulizia chumvi, "Wewe umesoma vitabu vingi. Yale majivu uliyasoma?"

Sikukujibu. Hukurudi. Wanakwenu walisema kifua ndicho kilichokuua, baada ya kulala muda mrefu bila kugeuka. Nilikuja msibani nikakaa kwenye kiti cha heshima.

Ninaandika haya kwa sababu Kabula wetu, ambaye sasa ana wajukuu, ameanza kuona rangi zimepauka kwa jicho moja. Halafu mguu. Mimi nilijua kabla ya daktari yeyote, na sikusema kitu. Alizungushwa hospitali hii na ile mpaka akapelekwa Mwanza, kwa madaktari wanaofanya utafiti wa ugonjwa wa neva wanaouita MS. Nilisisitiza kumsindikiza ingawa moyo wangu sasa unahesabu hatua. Kusema kweli nilikwenda kuwachunguza. Watu wanaotaka kupiga picha ubongo wa mwanangu, mara nyingi, na kila mara kumchoma dawa mshipani, nilitaka kuwaona usoni.

Daktari ni binti mdogo kutoka Mbeya. "Shikamoo babu," akasema, akanivutia kiti. Nikamuuliza picha zitakwenda wapi, nani atazitazama, dawa ni ya nini. Akanieleza bila haraka. Mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo, seli za kuta zake zimebanana sana, ili si kila kilichomo kwenye damu kipite. Hicho ni kizuizi kati ya damu na ubongo. Kwenye ugonjwa huu kizuizi hulegea mahali fulani, askari wa mwili huingia na kutafuna ala inayofunika neva. Dawa ile haipiti mahali pazima. Inapita palipovuja tu, na hapo picha inang'aa.

"Kipi kinatangulia?" nikamuuliza, maana ualimu hauishi. "Kizuizi kulegea, au askari kukivunja?"

"Hatujui vizuri, babu. Ndicho tunachotafuta. Tunapiga picha kabla ya dawa na baada, tena na tena, tuone inavyopenya, hata kidogo kidogo, kabla doa halijatokea."

"Na jua? Jua lina uhusiano gani na miguu?"

Akanitazama. "Neva iliyotafunwa hushindwa kupeleka ujumbe mwili ukipata joto. Ukipoa, inafanya kazi tena. Watu wengi hudhani mgonjwa anajifanya." Akaweka kalamu chini. "Babu, kwa nini umeuliza jua?"

Nikasema kwetu Bariadi kuna joto, basi.

Nilisoma karatasi ya ridhaa mara tatu nikitafuta uongo ndani yake. Uongo pekee uliomo uliingia kwa mdomo wangu. Walifika kwenye swali la familia: kuna ndugu aliyewahi kupatwa na udhaifu wa miguu, au macho, unaokuja na kuondoka? Kabula alinigeukia.

"Baba, mama je? Mimi namkumbuka akitembea ameshika ukuta."

"Ulikuwa mdogo," nikamwambia. Na kwa daktari nikasema, "Hakuna." Akaandika.

Baadaye walituonyesha picha ya kichwa cha mwanao. Madoa mengi ya zamani yalikuwa yametulia. Mawili yaling'aa, madogo kama punje za mtama. Nilisimama nikiyatazama, na sikuona ubongo. Niliona sakafu yetu nyeusi na weupe juu yake. Siwezi kuapa kwamba uliumwa ugonjwa huu. Daktari mwenyewe angesema hawezi kumpima aliyezikwa. Picha ya mwili wako ilipigwa mara moja tu, kwa majivu, na mimi niliifagia.

Tulipofika Lamadi kurudi, gari lilisimama, Kabula akataka kununua sato. Jua lilikuwa kali. Alishuka hatua tatu, akakaa kwenye ndoo ya muuza samaki iliyofudikizwa. Yule mama akacheka, "Dada, umekuja kununua au kukalia?" Kabula akacheka pia, kicheko chako kabisa. Nikautoa uso dirishani.

Leo asubuhi nimemwita, nimemweleza yote, kuanzia chaki hadi baiskeli. Nilitegemea alie, au anifukuze nyumbani kwake, kwa maana ni yeye anayenilisha. Alikiweka kikombe cha chai chini. Kisha akauliza jambo moja.

"Mguu upi, baba?"

"Wa kushoto."

Akainama akaitazama kandambili yake ya kushoto, iliyolika mbele kwa kuburuzwa. Akachukua simu, akampigia daktari. Nilimsikia akisema, "Ile sehemu ya familia, futeni 'hakuna'. Andikeni mama." Akanipa simu nieleze niliyoyaona, nami nikaeleza, hatua kwa hatua, toka kitandani hadi kwenye mtungi.

Uliniuliza zamani juu ya majivu, Milembe. Niliyasoma. Siku ile ile niliyasoma yote.

Sikuombi unipokee vizuri nikifika huko uliko, wala sidhani nimebakiza siku nyingi za kungoja. Nakuomba tu uniache nitangulie kusema.

Mumeo,
Baba Kabula