Jina Uliloniandika Mukononi

Mama,

Nimekaa hapa mulangoni, mutaa wetu wa Keshero, karatasi iko juu ya magoti. Mukono wa kushoto umevimba, nimeubana tu kifuani. Utauliza umevimba na nini. Nitafika huko, usinisukume.

Unisamehe kwanza kwa mazishi. Vita viliingia muji, presha yako ikapanda, na siku ile hakuna mutu angeweza kukubeba mpaka hospitali. Tulikuzika bila matanga. Katekista alisema sala fupi, huku anaangalia barabara. Lakini kitu kimoja nilikiona vizuri: kabla ya kunyamaza ulishika mukono wangu ukapitisha kidole juu ya yale maandishi, pole pole, herufi moja moja, kama mutu anayehakikisha hakuna iliyoanguka.

MASIKA WA KAMBALE. Herufi kubwa tu, kwa sababu ndogo hukuzijua.

Nakumbuka vile uliniandika. Ulikuwa mwaka wa volkano ile ya kwanza, tumerudi toka Gisenyi kule tulikokimbilia, nyumba yetu iko chini ya mawe ambayo bado yalikuwa yanatoa moshi. Ulifunga sindano tatu kwa uzi. Ukakwangua masizi ya sufuria, ukachanganya na wino wa kalamu ya biki. Mama jirani alinishika magoti. Nililia mpaka nikatapika, na wewe hukuacha. Ulisema, “Kinywa ya mutoto inasahau, Masika. Ngozi haisahau.”

Nilikuwa na miaka mitano. Eliya, mudogo wangu, alikuwa na miwili. Tulikupotea sisi wawili katika ule umati wa wakimbizi, na mimi ulinipata kwa sababu niliweza kusema jina la Papa yetu, Kambale. Eliya aliweza kusema neno moja tu, Mama. Na kule watoto wote mama yao aliitwa Mama.

Sasa naelewa. Zamani sikuelewa. Pale masomoni walinicheka: “Koli, koli, unapelekwa wapi?” Eti nimeandikwa kama mzigo wa kwenda Kisangani. Masere, mtawa wa masomo, akaniambia nivae mikono mirefu, kwa sababu binti mwenye tatuaje ni binti wa bandi la wezi au wa baa. Kwenye korale ya kanisa walinisimamisha nyuma. Uliponiona ninalia ulinieleza habari za Tate, mama yako, jinsi alivyokuwa na chale tatu kwenye shavu, na wakati wake musichana asiye na chale alionekana kama ukuta ambao haujapakwa rangi. Kiisha mapadri wakasema ni ushenzi, na Tate akaenda kubatizwa amefunika shavu kwa kiganja. Nilikujibu vibaya siku ile. Nilikujibu kwamba Tate angalau walimurembesha, mimi umeniharibu.

Na ile asidi ya batiri niliyomwaga ili jina litoke, unakumbuka. Ngozi ililika, jina likabaki. Hukunipiga. Ulipaka asali ukasema tu, “Sikuandikia masomo. Niliandikia siku ya kukimbia.”

Siku hizi, Mama, muji umegeuka. Kule Himbi kuna saloni mbili zinazochora. Wasichana wa korale wenyewe wana maua kwenye bega, wanavaa nguo iliyo wazi ili yaonekane. Kijana wa saloni aliona mukono wangu akauliza nani fundi, eti ni kazi nzuri ya zamani, akitaka kupiga picha. Nikamwambia fundi ni mama yangu, na alichora nikiwa ninatapika. Hakujua acheke ao asicheke.

Ni mule Himbi Justin alichorwa simba wake, mwaka ule alinioa. Wewe ulimwangalia bwana yangu ukasema, “Mukwe, hii simba inafanana na paka ya parokia.” Alicheka siku nzima.

Justin hayuko, Mama. Hii ndiyo habari niliyokuwa ninaizunguka.

Alienda kutafuta makala ya kupikia, njia ya Sake, akiwa na jirani yetu mumoja. Kupita Lac Vert walikuta barière ya watu wa bunduki. Waliambiwa watoe shati. Siku hizi barière zote zinasoma watu: mabega kama kuna alama ya kubeba bunduki, kifua kama kuna chanjo za dawa ya vita. Waliona simba. Mumoja akasema ni alama ya kundi fulani la porini. Justin akawaambia ni urembo, ni ya saloni, akataja mpaka jina la kijana aliyemchora. Jirani aliachwa kwa sababu ngozi yake haikuwa na kitu. Alirudi na shati la Justin. Ni wiki saba. Nimezunguka kila mahali mutu anaweza kuuliza, na mahali pengine wananiambia nisirudi tena.

Hata jina langu, lile ulilofikiri litaniokoa, nimelifunga kitenge. Nilipoenda kumutafuta, kijana wa bunduki alisoma mukono, kiisha akasoma sura. Akasema, “Jina ya watu wa Butembo, sura ya watu wa Rutshuru. Wewe uko wa nani?” Nilimusalimu kwa lugha ya Papa, ile ya Butembo, akanipitisha. Mbele kidogo kulikuwa na wengine, na hapo nilificha mukono nikaongea lugha yako, ya Rutshuru. Wakati wa volkano jina lilitafuta mutu anayekupenda. Sasa jina linatafuta nani akuchukie.

Watu wanasema tutakimbia tena. Na mutoto wangu Furaha, Mama, ana miaka miwili. Anajua neno moja.

Basi jana mchana nilifunga sindano tatu. Nilikwangua sufuria, nikavunja biki. Furaha alinyoosha mukono mwenyewe, anacheka, alifikiri ninamuchorea saa ya mukono kama vile Justin alikuwa anamuchorea. Nikashika ile nyama laini. Niandike nini? Wa Justin? Justin ndiye waliyemushika. Wa Kambale? Niandike ukoo wako? Nilihesabu barière zote ninazozijua, na kwa kila jina nilipata moja ya kumuua. Nilikaa na sindano hewani mpaka wino ukakauka.

Sikumuandika. Nakuambia wazi, usikasirike. Sikuweza kumuwekea juu ya ngozi kitu ambacho hataweza kukitoa mbele ya mutu wa bunduki.

Nilichanganya wino mwingine, nikajiandika mimi. Chini ya jina langu, pale palipoungua na asidi, ngozi ni ngumu, sindano inateleza. Ndiyo sababu ya uvimbe. Nimeandika MAMA WA FURAHA. Basi. Hakuna kabila ndani yake, hakuna kijiji. Najua haitamusaidia akipotea. Atasimama katikati ya watu akiita Mama, kama Eliya, na wanawake mia watageuka. Itasaidia tu siku wakiniokota mimi, wajue kuna mutoto mahali, wamuulizie.

Ni kidogo. Lakini sina kingine.

Eliya angekuwa kijana mukubwa sasa. Ulikufa ukiwa bado unaangalia mikono ya vijana wanaosukuma chukudu zao za mbao zenye mizigo, na mukono wa Eliya haukuwahi kuwa na kitu. Kama yuko huko na wewe, mushike. Lakini usinijulishe hata katika ndoto, niendelee kuangalia badala yako.

Lala, Mama. Fundi wangu. Nakuahidi hivi: maandishi yako sitayamwagia tena kitu. Nitayafunga kitenge njiani, na tukifika mahali ambapo hakuna anayetusoma, nitafungua, nimuonyeshe Furaha herufi zako, moja moja, kwa kidole.

Mimi,
Masika wako