Mbuzi wa Nuu Waingia Database

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimeitwa! Abdiladif, mwenyekiti wa wauza mbuzi hapa Nuu, anataka website. Mnunuzi akiwa mbali, mjini Sultan Hamud, aone kila mbuzi na mwenyewe. Alhamisi kamati inakagua. Ikipenda, kazi ni yangu mwaka mzima. Na niliachia shule Form Two! Walimu, mko wapi?

Jumanne, 4 Machi
Kuongea na database kuna njia mbili. Uandike SQL, lugha yake, kwa mkono, au utumie ORM — wewe unasema tu "nipe mbuzi", yenyewe inakuandikia. Kathini, binti ya shangazi, amesomea kompyuta poly. Ati nijifunze JOIN, niulize mbuzi na wenyewe kwa swali moja. Nikamwambia mimi si mtu wa kufua SQL kwa mikono. Akacheka, ati nifue hata moja aone.
ORM basi! Nimejaribu na mbuzi watano. Page imefunguka kama umeme.

Jumatano, 5 Machi
Nimejaza wote, mia nne na kumi. Kujaribu tena ya nini? Nimeenda kunyolewa.

Alhamisi, 6 Machi
Aki.
Saa nne asubuhi, kamati yote kwa duka ya Abdiladif. Nikafungua page. Ikazunguka. Nikasema ni network. Hani, binti yake, akafungua video kwa simu — ikacheza fuaa! Asante sana, Hani.
Kathini, aliyekuja kujionea, akachungulia. "ORM yako imeleta mbuzi wote, sawa. Halafu inarudi kwa database kuuliza mwenye huyu ni nani. Na huyu. Na huyu. Safari mia nne na kumi!"
Abdiladif akaweka kikombe chini. "Kijana, mbuzi wamefika soko, na wewe unatuma mtu boma kwa boma kuuliza ni wa nani? Si uulize dalali mmoja aliyewaleta?"
Wazee wakaangua kicheko. Mzee hajawahi kushika keyboard, na ameeleza JOIN kuliko mimi!
"Ni mstari mmoja tu," Kathini akasema. "Unaujua?"
Nikasema naujua.
Wazee sita wananiangalia. Nikaandika SELECT, neno la kwanza — hapo niko sawa — halafu nikaomba ruhusa ya choo.
Sasa nimekalia ndoo nyuma ya duka, naandika haya. Kathini ananiita. Abdiladif pia.
Wameacha kuita. Nasikia keyboard inagongwa. Haraka haraka, mikono yote miwili — Kathini anafua.