Mayai ya Mama Yalivyoingia kwenye Kompyuta

Kacyiru, Kigali
Ijumaa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usiniambie limepona kama ulivyomwambia kaka Shabani, maana ameshakuchongea kwangu kwamba ukiinama kuokota mayai unaguna. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na baridi ya asubuhi ya huku nimeshaizoea. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu unanisikiliza nusu, nusu nyingine unafukuza kuku.

Kila siku unauliza, "Hiyo kazi yako hasa ni nini?" Leo utaelewa, tena wewe kuliko watu wengi. Tunatengeneza programu ya kompyuta ya kuwafundisha wanaoanza takwimu za Kibayes. Jina linatisha, jambo lenyewe wala. Kwanza unasema kitu unakiamini kwa kiasi gani. Kisha unaona ushahidi. Kisha unaisogeza imani yako kadiri ushahidi unavyostahili, basi. Mimi kazi yangu ni kupanga kinachoonekana kwenye skrini, ili mtu asiyejua asikimbie.

Nimepanga miezi sita. Mkuu wetu, Bwana Kalisa, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, hana maneno mengi. Jumatatu akaniambia, "Zuhura, sisi tunaielewa kwa sababu tumeitengeneza. Alhamisi walimu kumi na wawili wanakuja kuijaribu. Wakipotea, tunarudi kwa ile ya zamani ya fomula." Ile ya zamani, mama, haina kazi yangu ndani yake, na mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nikajibu "sawa" kishujaa, halafu nikaenda chooni kulia kidogo.

Jana wakaja, wote wa shule moja ya Masaka, pembezoni mwa Kigali hapa, na mkuu wa shule yao kavaa suti. Nikawapa mfano wangu wa kwanza: mgonjwa ana homa, je, unaamini kwa kiasi gani ni malaria? Kuna kidude cha kusogeza, kutoka sifuri mpaka mia. Hakuna aliyesogeza. Vidude vyote vimeganda katikati, na mimi natabasamu mpaka mashavu yanauma. Mara mkuu wa shule akasogeza chake mpaka sitini. Weee! Kufumba na kufumbua, wote wako sitini. Bwana Kalisa akageuka kutazama dirishani.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeyaweka majibu yote ukutani, kwenye skrini kubwa, jina kwa jina, nikidhani yatachangamsha watu. Wanasema mficha uchi hazai, sawa, lakini nani atafunua mbele ya bosi wake? Huku watu wana adabu ya kungoja mkubwa atangulie. Mimi niliyelelewa kwenye nyumba ya kubishana kutoka chai ya asubuhi hadi ugali wa usiku sikuliona hilo.

Wakati wa chai nikakaa na mwalimu mmoja mtu mzima, Mama Esperansi. Alikulia Burundi, kwa hiyo Kiswahili hakimpi shida. Akaniambia takwimu amefundishwa mara mbili, na mara zote mbili alijificha nyuma ya darasa. Nikamuuliza kwa nini hakusogeza kidude.

"Mwanangu, mimi siko daktari. Nikisema mbele ya kuona, si iko uongo?"

Nikamwambia si uongo, ni kukisia, na ruhusa ya kubadili ipo. Akatikisa kichwa. Nikaona mkataba wangu unaondoka pamoja na sahani za sambusa. Mdomo ukanitoka tu: "Mama, unafuga kuku?"

"Yego! Ndiyo, niko nao ishirini."

"Ukimlalisha kuku kwenye mayai kumi, mangapi yataanguliwa?"

"Saba hayakosi."

"Mbona hilo umelisema kabla ya kuona?"

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Yewe, huyu mtoto!"

Nilibakiwa na dakika kumi na tano. Nikaondoa majina ukutani, nikafuta homa, nikaweka mayai yako, yale ambayo kaka Shabani alinitumia picha zake ukiyamulika kwa tochi. Waliporudi, ehe! Mmoja matatu, mwingine tisa, wanazozana kwa Kinyarwanda hata simfuati mtu. Mkuu wa shule akasema matano na hakuna aliyemfuata. Nikawaonyesha yai la siku ya saba, jeupe ndani, halina mshipa hata mmoja, dalili kwamba halina kifaranga. Wakashusha wote, isipokuwa Mama Esperansi.

"Ngoja kwanza," akasema, na amesimama. "Iyo iko ganda la kahawia. Tochi inadanganya kwa ganda la kahawia! Mimi nashuka kidogo tu."

Mama, huo ndio moyo wa somo lote! Kuuliza ushahidi wenyewe unadanganya mara ngapi. Nilikuwa nimeuandalia maelezo marefu kwenye skrini ya nne, na yeye amefika kabla yangu. Bwana Kalisa akaacha dirisha, akaja kusimama nyuma ya kiti cha Mama Esperansi. Leo asubuhi ameniletea mkataba wa mwaka mzima na maneno mawili: "Weka mayai." Nilipiga yowe mpaka watu wa ofisi ya jirani wakachungulia.

Wakati wa kuondoka, Mama Esperansi aliniuliza nani alinifundisha. Nikasema mama yangu. "Anafundisha chuo gani?" Nikamwambia, bandani kwake, Singida. Nilidhani atacheka. Akasema, "Umwambie nimeelewa. Safari hii nimeelewa."

Msalimie Shabani na wifi yangu, na bibi mbusu mashavu yote mawili. Shangazi mwambie bado sijapata mchumba, asichoke kuuliza.

Jambo moja la mwisho. Kila somo linaandikwa jina la aliyelitunga, na hili la mayai siwezi kuweka langu. Nilianza kuandika Mama Shabani, kama wote tunavyokuita, mkono ukakataa. Niandikie jina lako kamili, kwa mwandiko wako, vile unavyotaka walimu walisome. Nafasi yake nimeiacha wazi.

Mwanao akupendaye,
Zuhura