Shati Lisilofumuliwa

Nyumba ya mlango wa bluu,
Chumba cha mbele, penye cherehani.
Jumapili, tarehe tisa, nguo zikiwa bado kambani.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu wa ujana na uzee,

Hujambo? U mzima? Umekula? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Nimekuuliza yote kwa mpigo mmoja na sirudii tena, hata mwisho wa barua. Sababu utaiona mbele. Huku sisi wazima. Goti langu la kulia bado lina kiburi, linagombana na ngazi, lakini mdomo wangu, kama unavyoujua, haujawahi kuugua.

Mwandiko umeutambua. Ni wa mdogo wako, Pini wetu. Mimi shule niliiona kwa nje tu nikipita kuteka maji, kwa hiyo maneno ni yangu na mkono ni wake. Nimemkalisha mezani nikamwambia aandike kila nitakachosema, asipunguze wala asipambe. Amenitupia lile jicho lake la pembeni. Nimemwambia, "Andika na hilo jicho."

Barua hii imekuja na kifurushi. Usikifungue kwanza. Na kama umeshakifungua, maana pupa yako naijua tangu uko mgongoni kwangu, basi rudisha kilichomo, ukae chini, usome.

Najua una dukuduku. Simu ya mdogo wako, iliyokuwa ikikulilia asubuhi, mchana, hadi ukiwa juu ya majengo yenu na moto wa kuchomelea mkononi, imenyamaza. Ulimpigia mjomba wako ukamuuliza kama tumekukasirikia. Mjomba wako anaendesha lori, mizigo ya watu inafika salama, lakini siri haijawahi kufika naye popote. Alikuja mbio kuniambia. Akasema sauti yako ilikuwa ya mtu aliyetupwa.

Hujatupwa. Kimya kile ni kazi, mume wangu. Ni kazi nzito kuliko yako ya kupanda vyuma, na mdogo wako ndiye anayeifanya. Ngoja nikueleze.

Ulipoondoka, Pini alibaki na cherehani na oda za sare za shule. Cherehani ina mwendo wake, mimi naujua hata nikiwa uani. Inakimbia, inapumua, inakimbia. Ya Pini ikawa inakimbia kidogo, inanyamaza, halafu nasikia krr, krr, krr, wembe unafumua. Nikaingia kutazama mshono. Umenyooka, hauna dosari. Nikamuuliza, "Mke mwenzangu, unafumua nini hapo?" Akasema uzi haukukaa vizuri. Nikaamini, maana fundi ni yeye.

Lakini suruali ile ile ilifumuliwa na kushonwa mpaka kitambaa kikachoka. Mama wa mtoto alipokuja kuichukua aliiinua dirishani, mwanga ukapita. Akasema, "Fundi, hii ni suruali au chujio?" Mimi nikacheka. Pini hakucheka. Aliingia ndani, nikamkuta ameketi sakafuni, akasema maneno ambayo sasa ninamwamrisha ayaandike kwa mkono wake mwenyewe.

Alisema, "Bibi, nikishona linanijia wazo kwamba kaka anaanguka, anakufa. Nikiliacha ndani ya mshono, litatokea, na nitakuwa nimemuua mimi. Lazima nifumue, nishone upya nikiwa na wazo zuri."

Hapa kalamu imesimama. Mimi nimetazama nguo zangu kambani, nikangoja.

Imeendelea. Umeona? Na karatasi haikuchanwa.

Basi, watu wakanipa ushauri wa bure. Mmoja akasema ni uvivu. Mwingine akasema ni mapenzi, mtafutie mchumba. Wa tatu alisema maneno ambayo nilimfungulia mlango atoke nayo. Daktari wa kwanza alitupa vidonge vya usingizi. Pini akalala, akaamka, akafumua. Nikamrudia yule daktari nikamwambia, "Mwanangu, kulala amelala vizuri, tunashukuru. Sasa mtibu akiwa macho." Akacheka, akafikiri, akatuandikia twende jengo la nyuma, la wagonjwa wa akili.

Kwenye korido ya jengo lile Pini alijifunika mtandio mpaka puani, asije akaonwa na mteja. Nikamwambia, "Funua uso. Hujaja kuiba hapa." Nilikuwa naogopa kuliko yeye, ila mimi uoga wangu huwa unatoka kama ukali. Unanijua.

Tukampata mshauri mmoja, mwanamke mfupi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Alimsikiliza Pini bila kukatiza. Halafu akaanza kumuuliza vitu kama mtu aliyekuwa akilala chumba kimoja nasi. Unarudia? Ukirudia unapata nafuu, halafu inaisha? Unawauliza watu wakuhakikishie? Pini alikuwa anaitikia kwa kichwa huku machozi yanadondoka. Mshauri akasema ugonjwa huu unajulikana, wanao wengi, si laana, si ubaya wa moyo, na una tiba. Jina lake refu kama treni, mambo ya mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia. Mimi nimeubatiza King'ang'anizi.

Tiba iko ya namna mbili. Kuna kidonge cha kila siku, na hicho hakina haraka, kinachukua wiki nyingi kabla hujaiona kazi yake. Na kuna mazoezi. Mazoezi ndiyo yenye moto. Anatakiwa ashone wazo baya likiwepo, aliache lije, likae, lipige kelele, na asifumue.

Halafu mshauri akanigeukia mimi. "Na wewe bibi, akikuuliza kama kaka yake yuko salama, unamjibuje?"

Nikajibu kwa maringo, "Namwambia yuko salama. Hata akiuliza mchana kutwa, sichoki." Nikangoja nisifiwe.

Akasema, "Basi kuanzia leo usimjibu hivyo. Mwambie hujui."

Nilishika mkoba wangu nimpige nao. Wallahi Pini alinishika mkono. Lakini yule mama alinieleza polepole, akanishinda. Kila tukimwambia Pini kwamba uko salama, anapata nafuu kidogo tu, kisha King'ang'anizi kinarudi na njaa zaidi. Mimi hapa nyumbani na wewe kule kwenye simu, tulikuwa tunakilisha kwa mikono miwili, tukidhani tunamlisha Pini. Hatukujua. Sasa tunajua, na ndiyo maana simu yake haikulilii tena.

Jioni ile ile akaniuliza, "Bibi, kaka yuko salama?" Nikasema, "Sijui." Akarudia, nikarudia. Akalia, akaniita mwenye roho mbaya. Nikamwambia, "Ninayo, ya kutosha mtaa mzima." Nikatoka kufagia ua niliokuwa nimeshaufagia. Nikafagia mpaka vumbi lenyewe likanihurumia. Kisha nikasikia cherehani. Inakimbia, inapumua, inakimbia. Nikautegea sikio ule wembe. Haukulia.

Alianzia kwenye kitambaa cha kufutia vyombo. Akapanda kwenye foronya. Kisha gauni langu, lile la maua makubwa, alilishona na King'ang'anizi kikimpigia kelele kwamba bibi atadondoka barabarani. Siku ya kwanza kulivaa nilipita nalo sokoni, nikazunguka kila kibanda, na nikirudi nikajikwaa kizingitini kwetu. Pini akapauka. Nikasimama, nikajikung'uta, nikamwambia, "Miguu ni ya zamani, gauni ni jipya. Usichanganye mahesabu." Akacheka mpaka akakaa chini. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia akicheka vile.

Siku za Jumamosi anakwenda kukutana na wenzake katika jengo lile la nyuma. Viti vya plastiki, duara, birika la chai. Yuko dereva wa teksi ambaye akipita kwenye tuta hurudi kuangalia kama hajamgonga mtu. Yuko mwalimu mstaafu aliyenawa mikono mpaka ikapasuka. Siku ya kwanza Pini aliporudi aliniambia, "Bibi, kumbe si mimi peke yangu." Akala sahani mbili.

Sikudanganyi kwamba kimekwisha. Juzijuzi tu alifumua mkono wa blauzi ya mteja, akaja jikoni akaniambia, "Leo kimenishinda." Nikamwambia, "Kesho kipo, na wewe upo." Kesho yake aliishona blauzi akaiacha. Pini ananiambia hili la kushindwa tulitoe. Halitoki. Mtu anayeshindwa akarudi mwenyewe mezani ndiye ninayetaka kumsifia.

Sasa nifike kwenye kifurushi.

Mshauri alimuuliza ni nguo gani hawezi kabisa kuishona. Pini alijibu bila kufikiri, "Shati la kaka." Mshauri akaliandika kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, nikaelewa kwamba hilo ndilo atakalolishona, nikalichukia lile daftari.

Alilishona wiki iliyopita, asubuhi kweupe, dirisha wazi. Wembe ulikuwa mezani, palepale karibu na mkono wake. Sikuuficha, maana mshauri alisema asishinde kwa sababu wembe haupo. Nilikaa mlangoni nikichambua mchele. Alipokuwa akiunga mabega alisema kwa sauti, "Kaka anaweza kuanguka," akashona. Kwenye mikono akasema tena, akashona. Alipofika kwenye kola alinigeukia, "Bibi, unadhani…" Akajiziba mdomo mwenyewe. Mimi nilitazama mchele kama unaniongelesha. Alikaa hivyo mpaka jua likahama dirishani. Mkono ukaenda kwenye wembe, ukaushika.

Akakatia nao mkia wa uzi. Akaurudisha mezani. Akatia vifungo.

Mume wangu, nimezaa, nimezika, nyumba hii nimeipandisha tofali kwa tofali wanaume wakinicheka. Sijawahi kujivuna kama nilivyojivuna asubuhi ile nikiwa na ungo wa mchele mapajani. Pini anasema nimezidi, msomaji atachoka. Andika. Kama atachoka, apumzike, aendelee.

Na mimi nakwambia jambo langu. Nakuogopea kila siku. Kila ukipanda mimi huku moyo unapanda nawe. Lile neno "sijui" lilikuwa chungu kwa sababu ni la kweli. Sijui kama utashuka salama. Hajui mjomba wako, hajui mshauri, hujui hata wewe. Pini amejifunza kuishi na neno hilo akiwa binti mdogo, mimi nalijifunza na mvi zangu, na yeye ndiye mwalimu wangu.

Kwa hiyo nakuomba haya, na ukinikaidi nitapanda basi nije huko na goti langu hili.

Toa shati ulivae. Usilitunze kabatini kama zawadi ya mgeni. Livae kazini, panda nalo. Na mkanda wa usalama uufunge sawasawa. Huo si ugonjwa, hiyo ni akili.

Mdogo wako akipiga simu akakuuliza kama uko salama, usimjibu ndiyo wala hapana. Mwambie, "Hilo ni swali la King'ang'anizi, mimi nataka kuongea na Pini." Halafu umuulize habari za wateja wake, umtanie, umgombeze kama zamani. Ile sauti yako ya kubembeleza iweke mfukoni. Itakuuma. Mimi iliniuma, bado inaniuma, lakini nikisikia cherehani inavyokwenda sasa, nasema acha iume.

Mjomba wako dereva anakusalimu, na anakana kwamba aliniambia chochote. Shangazi yako wa duka la dawa anakusalimu, yeye ndiye anayehakikisha kidonge cha Pini hakikosekani. Kinyozi jirani anauliza huko anakukata nani, maana kwenye picha uliyotuma kichwa kinaonekana kama kimetafunwa. Wasalimie wote unaofanya nao kazi, hasa yule mzee mnayekula naye mchana.

Mungu akupe mikono isiyoteleza, usingizi wa kutosha, na watu wa kukupenda bila kukuharibu.

Ni mimi bibi yako, mkeo wa kwanza, nikupendaye hata ninaponyamaza.

Pini ananiomba kalamu aongeze mstari wake mmoja. Nimemwambia ruhusa, na sitamwomba anisomee.

Kaka, niambie kama kola inabana.