Diski kwa Redio ya Lori

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii naiacha kwa karani wa yadi ya malori pamoja na kifurushi kidogo, nikiomba vikukute mzima, mgongo umetulia na lile goti la klachi halikusumbui. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima na ulimi wake ni mzima zaidi. Ananiambia nikuulize kama ile dawa ya kuchua unaitumia au umeifanya mzigo wa kusafirisha bure. Wadogo zangu wanasoma, ingawa kitindamimba anasoma zaidi nyuso za wenzake.

Uliniuliza kwenye simu kama bado nacheza na vile visahani vya CD. Nacheza, Baba, na leo nataka nijisifu bila haya, maana nisipojisifu mbele yako nitajisifu mbele ya nani. Kile chumba kati ya duka la matairi na kinyozi sasa kina rafu, kompyuta yangu na benchi la wateja wanaongoja zamu. Karibu wote ni madereva wa malori ya zamani kama lako, yenye redio zinazomeza CD na kuitema kwa dharau. Wanasema kwingine wanauziwa diski inayoimba vizuri dukani, ikiingia kwenye lori inakuwa bubu. Kwangu hawarudi kulalamika, wanarudi kuongeza nyingine.

Usidhani nilizaliwa nikiyajua haya. Mwanzoni nilinunua diski tupu za kufutika, nikiona nimekuwa mjanja, kwamba nikikosea nafuta nyimbo na kuzichoma upya kwa kompyuta. Redio za malori zikazikataa zote. Ndipo nikajifunza kwamba redio za umri ule zinataka diski ya kuchomwa mara moja tu, tena nyimbo zichomwe kama CD ya kawaida ya muziki, si kurundika mafaili kama nguo kwenye begi. Wala sizijazi hadi ukingoni, kwa sababu huko pembeni ndiko diski hupenda kurukaruka. Halafu kuna kasi. Kompyuta inakushawishi uchome kwa mbio za mwisho, na wewe una watu mlangoni, unashawishika kweli. Mimi naiteremsha kasi hadi chini kidogo ya katikati, anayetaka kununa anune. Mwisho naiamuru kompyuta iifunge diski kabisa, isiongezwe wimbo tena, kwani isiyofungwa inasomeka kwenye kompyuta iliyoichoma, lakini redio ya lori inaiona haina kitu.

Kilichoniumbua ni urembo. Nilichapa lebo za karatasi zenye maua, nikazibandika juu ya kila diski, nikajiona nimefika. Dereva mmoja tunayemwita Mzee Honi akaondoka na moja. Joto la kabini likalegeza gundi, karatasi ikabanduka, diski ikakwama ndani na ikagoma kutoka safari nzima. Aliporudi aliniambia kwa upole kwamba maua yangu ameyapokea, sasa anaomba redio yake. Mimi na jirani yetu fundi redio tulishinda kutwa tukichokonoa gundi kwa koleo ndogo ya nyusi. Tangu siku hiyo hakuna kubandika kitu, naandika kwa kalamu ya wino yenye ncha laini, basi.

Fundi huyo akanipa redio kuukuu ya lori, tukaifunga juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi. Kila diski ninayoichoma inapigwa hapo huku naitikisa meza kwa mikono miwili, mashimo ya barabarani yote nayatengeneza mwenyewe. Kinyozi alidhani nimerukwa na akili. Diski ikiruka naivunja mbele ya mteja na kuanza upya, na hilo ndilo limenipa jina hapa mjini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, nalo nimelizunguka vya kutosha. Majuzi ulinisimulia habari za CD uliyopewa na dereva mwenzako, ya yule mwimbaji ambaye huko barabarani mnamwita Taratibu, kwa sababu ya ule wimbo wa kumsihi dereva asikimbize gari, nyumbani anangojwa. Ulisema unausikiliza kila unapoanza mteremko. Ulisema yule ni mtoto aliyefunzwa kwao, tena ukaniambia niachane na visahani, niige mfano wa watu wenye vipaji kama yeye. Niliitikia kila neno, nikakata simu, nikakaa chini sakafuni nikacheka huku machozi yananitoka.

Baba, Taratibu ni mimi. Fundi redio alipiga gitaa, mimi nikaimba humu humu chumbani, tumetundika mablanketi ukutani kuzuia kelele za duka la matairi. Diski uliyo nayo niliichoma mwenyewe na kuitikisa mwenyewe. Sikuandika jina kwa sababu sijasahau ulivyosema nilipokuwa mdogo, kwamba sauti yangu ni kama breki zilizoisha pedi, na kwamba mtoto wako hatasimama jukwaani ukiwa hai. Hiyo ya breki nilicheka hata mimi. Ya jukwaa iliniuma, na ndiyo iliyonifanya nijifiche. Sasa kuna bendi imeniomba niimbe nayo mbele ya watu. Natamani mno kwenda. Mama ameridhia, ila amesema ruhusa aitoe aliyekataza, na mimi naona ana haki. Bendi sijaijibu, nakungoja wewe.

Ndani ya kifurushi kuna diski mpya. Safari hii nimeandika jina langu lote, na la kwako likifuata nyuma yake, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Tafadhali uisikilize ukiwa umeegesha.

Mama anakusalimu sana, wadogo zangu wanakuamkia, na kinyozi anasema nywele zako amezikumbuka. Nisalimie madereva wenzako wote. Redio yako ikiikataa diski hii, nirudishie, nitachoma nyingine. Ukiikataa wewe, Baba, sina sauti nyingine.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Kifunguamimba wako